Nyuso za Bibi Im

Nyuma ya Soko la Samaki,
Phetchaburi,
Jumamosi, 5 Novemba 1983.

Mpendwa mdogo wangu Thawin,

Pokea salamu zangu, na za nyumba nzima, na za mto wetu ambao mwaka huu umekaa kitako na kutuachia amani. U hali gani huko Dammam, Uarabuni? Jua la jangwani halijakubabua? Tumbo lako je, maana tangu utotoni lilikuwa la kubembelezwa? Sisi huku ni wazima. Mama mzima, ila mguu wa kushoto unamkorofisha mvua ikinyesha. Shemeji yako Manop ni mzima kupita kiasi, anakoroma hadi paka anahama. Mimi nipo, napika, nauza, nanung'unika, kama ulivyoniacha.

Barua yako ya Septemba niliipata. Niliisoma kwa furaha mpaka mstari wa mwisho, pale ulipoomba nikutumie katoni ya tambi za Bibi Im. Nikarudia kuusoma. Nikaupeleka mlangoni kwenye mwanga. Thawin, mtoto niliyemlea kwa mchuzi wa matunda machanga ya mvumo, wa tui na nyama ya ng'ombe, leo anaagiza tambi za pakiti? Nilishuku barua umeandikiwa na mtu.

Ulipoondoka, Bibi Im alikuwa hajatia mguu mjini kwetu. Alikuja mwaka jana, siku za sikukuu ya hekalu, ndani ya gari jekundu lenye spika juu. Wasichana wenye aproni za manjano wakagawa mabakuli bure. Maji ya moto, dakika tatu, kula. Mimi kitu cha bure hukizunguka kwanza nione nyuma yake kuna nani, kwa hiyo sikula. Shemeji yako alikula mawili, moja akidai ni langu.

Yule bibi wa kwenye pakiti nimemwangalia sana. Mashavu yanang'aa, kashika mwiko, anacheka. Nywele nyeusi tii. Mikono haina alama hata moja ya kuungua. Mtu apike mpaka awe bibi, asiwe na kovu? Mimi nina miaka arobaini na mbili tu, na mikono yangu imekuwa kama ubao wa kukatia nyama. Yule hajawahi kusimama jikoni, nakuambia. Na ule unga wa kwenye kile kipakiti kidogo wanasema unang'oa nywele. Tangu Manop aanze kula, paji la uso wake linazidi kupanda.

Kwanza walinaswa walimu, ati wana haraka. Wakafuata madereva wa malori. Kisha mto ukafurika mwaka jana, watu wakakaa juu ya mapaa siku nne, msaada ulioletwa kwa mitumbwi ukawa ni pakiti za Bibi Im. Hapo ndipo alipotumaliza. Maji yalipopungua watu walishuka na ladha yake mdomoni, na hawakurudi tena kwangu. Sasa hata tambi za kampuni nyingine watu wanaziita Bibi Im. Kwenye msiba wa Mzee Chaem tuliletewa Bibi Im badala ya uji wa wali. Nililia kuliko wafiwa.

Wewe ulikijua kibanda changu. Masufuria sita yalikuwa yanakauka kabla ya saa tatu asubuhi. Siku hizi napika manne, na la nne nalibembeleza hadi mchana.

Lakini hayo siyo yaliyonifanya niandike. Kaa chini, mdogo wangu. Nataka kukuambia habari za mkeo.

Unajua kwamba kila siku saa kumi na moja alfajiri, nikielekea sokoni, napita kwako namwachia Mama sufuria dogo la mchuzi na wali. Jioni nalichukua sufuria. Limeoshwa, linang'aa. Nikawa nafurahi, nasema Mama anakula vizuri. Ila Mama mwenyewe haonyeshi kushiba mchuzi wa tui. Mashavu yameingia ndani. Nikimwuliza, "Mama, mchuzi wa leo ulikuwaje?" anasema, "Mtamu sana, mwanangu," huku anaangalia pembeni.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mwezi uliopita nilifika jioni nikamkuta kuku anaparura chini ya nyumba, baina ya nguzo. Akavuta karatasi ya manjano. Nikainama. Nyuma ya mtungi kulikuwa na kapu, na ndani ya kapu pakiti tupu za Bibi Im, ladha ya kamba, ishirini na saba. Nilizihesabu. Na kila moja, Thawin, ilikuwa imekatwa uso wa yule bibi kwa mkasi, duara safi, pamebaki tundu.

Nikakumbuka tangazo la redioni. Ukituma nyuso thelathini, kampuni inakutumia chupa ya chai, nyekundu, yenye picha. Mkasi nyumbani kwako anaushika nani? Mama macho hayaoni hata tundu la sindano.

Basi nikaunga moja na moja. Mkeo anamlisha Mama tambi za baht mbili, nyuso anakusanya apate chupa ya chai, na mchuzi wangu anaupeleka anakokujua yeye. Anauuza, au anawapikia watu wa kwao wale wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Sikusema kitu. Nikamvizia.

Juma lililopita nikamkuta dukani kwa yule mama muuza duka, Je Huai, pakiti tano mkononi.

"Wifi, hizo za nani?"

"Za nyumbani, dada."

"Nyumbani kupi, na mimi naleta mchuzi kila siku?"

Akainamisha macho kwenye pakiti.

"Mchuzi wangu unakwenda wapi, Rampha? Sema hapa mbele za watu. Mama mkwe wako anakula makaratasi, wewe unakusanya zawadi!"

Duka zima likageuka. Je Huai, mwanamke asiye na haya, akasema, "Jamani, gombaneni mkishalipa." Watu wakacheka. Mkeo hakucheka wala hakujibu. Mtu asiye na kosa hujitetea, au siyo? Yeye aliweka pakiti chini, akaunganisha viganja, akaniinamia mimi kwa heshima zote, akazichukua pakiti zake akaenda. Kesho yake akapanda treni kwenda kwao Surin. Kwa Mama ameaga kwamba baba yake anaumwa. Anaumwa! Wiki ileile!

Mdogo wangu, kikulacho ki nguoni mwako. Sikuambii umwache. Nakuambia fungua macho. Mwanamke anayemnyima mzee chakula cha mtoto wake, ukirudi atakunyima nini wewe? Fikiria kabla hujamwandikia barua ya kumbembeleza arudi.

Naishia hapa kwanza, Manop ananiita, sufuria linafurika.

Alhamisi, 10 Novemba.

Thawin, barua hii sikuipeleka posta. Naendelea palepale.

Mkeo alipoondoka nilihamia kwa Mama ili nimlishe kwa mkono wangu. Alfajiri namwekea mchuzi, naenda sokoni. Siku ya tatu nikafagia chini ya nyumba. Nikakuta pakiti mpya ya Bibi Im, ladha ya kamba. Uso umekatwa, safari hii ovyo ovyo, kama umetafunwa na panya.

Rampha yuko Surin. Sasa nani?

Nikamshuku shemeji yako. Nikamweka chini kama polisi. "Unakuja huku mchana kula Bibi Im?" Akaapa kwa wazazi wake. Nikamwambia fungua mdomo ninuse. Kweli ulinuka Bibi Im, lakini ya nyama ya nguruwe, na pakiti ilikuwa ya kamba. Nikamwachia, ila bado nina kesi naye.

Jumanne akaja mtu wa posta na kifurushi kikubwa.

"Mzee Phin yupo?"

"Mzee Phin yupo ndani ya ukuta wa hekalu, majivu, mwaka wa tatu huu," nikamwambia. "Umpelekee huko?"

"Mimi nawapelekea walio hai, Dada Sangwian. Weka sahihi hapa."

Juu ya kifurushi palikuwa na kikaratasi cha anwani kilichobandikwa, kile mtu anachokituma pamoja na nyuso. Jina la Baba, kamili, na mwandiko ni wa mkeo, ule unaolalia kushoto. Nikafungua palepale kizingitini. Chupa ya chai nyekundu, na Bibi Im ubavuni anacheka. Ndani kuna barua ya kampuni imepigwa mhuri: Hongera Bwana Phin, mlaji wetu mwaminifu.

Damu ilinipanda. Nikasema, kumbe hata maiti amemtumia! Chupa moja amechukua kwa jina lake, ya pili kwa jina la marehemu! Nikaingia ndani nimeishika ile chupa shingoni kama bata, nimwonyeshe Mama kwamba mkwewe ni mtu wa namna gani.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka. Alipoiona akapiga makofi. Mama yetu, mwenye miaka sabini na minne, alipiga makofi kama mtoto.

"Imefika! Ya baba yako imefika!"

Nikakaa chini. Nikamwuliza ni ya Baba namna gani.

Wewe unajua Mama alivyo. Kwake yeye, unachomtilia mtawa wa hekalu kwenye bakuli akipita asubuhi, kwa jina la marehemu, humfikia marehemu vilevile kilivyo, si pungufu wala zaidi. Baba alikufa kabla Bibi Im hajaja hapa, hakuwahi kumwonja. Mama alipomwonja, akampenda, na roho ikamuuma kwamba anakula kitu kitamu peke yake. Basi asubuhi moja, kama wanawake wenzake wote wa barabara ile, akamtilia mtawa pakiti mbili za Bibi Im kwa jina la Baba.

"Nikamwota," akasema. "Kakaa kwenye benchi lake. Anatafuna tambi kavu. Kru, kru, kru. Na hana meno yule, wewe unajua. Kile kipakiti cha unga kinamshinda kuchana. Ananitazama tu."

"Mama, hiyo ni ndoto."

"Ndoto, ndiyo. Lakini kule maji ya moto atayapata wapi? Nani wa kumchemshia? Nimempelekea mume wangu chakula kibichi, Sangwian. Miaka hamsini sikuwahi kumpa kitu kibichi."

Wewe ungemjibu nini, Thawin?

Kwa hiyo akaamua. Mpaka Baba apate chupa ya maji ya moto, asilale njaa: mchuzi wangu umeiva tayari, basi uwe wake. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu mtawa alipopita, Mama alimtilia sufuria lote, wali na mchuzi, hakubakiza hata mfupa. Yeye mwenyewe akala Bibi Im, akakusanya nyuso. Rampha alinunua, Rampha alikata, Rampha aliosha sufuria langu likang'aa. Jina likaandikwa la Baba ili chupa isipotee njia ikaja kwa mtu mwingine.

"Na kwa nini mlinificha?"

"Wewe ukiona pakiti ya Bibi Im unavimba kama chura," Mama akasema. "Ningekuambia mchuzi wako siuli? Baba yako aliupenda mchuzi wako kuliko alivyonipenda mimi, nikaona unamfaa yeye. Nilimwapisha Rampha asiseme. Akaapa."

Akaapa, Thawin. Alisimama pale dukani, mimi namwita mwizi, watu wanacheka, na neno moja tu lingemwokoa. Hakulisema kwa sababu alimwahidi Mama. Akaniinamia, akaenda.

Mama alikuwa anaifuta ile chupa kwa kanga yake ya kuogea. Akauliza bila kuniangalia, "Baba yake Rampha hajambo sasa? Atarudi lini? Zile nyuso mpya nilikata mwenyewe, nikidhani za kwanza zimepotea njiani, zikaharibika."

Ilibidi nimwambie. Nilimwambia yote, na maneno ya dukani, na vicheko, na Je Huai. Nilitaka anishukie kwa fimbo. Hakufanya hivyo. Aliiweka chupa juu ya kabati, chini ya picha ya Baba, akasema, "Hii nilitaka kuitoa kwa mtawa tarehe ishirini na nne, siku ya kumbukumbu yake. Tuishike wote wawili, mimi na Rampha, maana jasho ni la wote wawili. Bila mkono wake haitoki hapa."

"Mama, nitaishika mimi."

"Wewe umekata uso hata mmoja?"

Ndipo nilipolia. Si kilio cha msiba wa Mzee Chaem, cha kuwaonyesha watu. Nililia nimeficha uso kwenye mlango wa kabati. Nimeona aibu, mdogo wangu. Miezi yote nilikuwa nalinda mchuzi wangu usiibiwe, na ulikuwa unakwenda mahali ambapo, kama ningeulizwa mwenyewe, ningeupeleka kwa magoti.

Jana asubuhi nilichelewa sokoni makusudi. Nikasimama nyuma ya mlango nikamwona Mama akitoka na sufuria langu, anachechemea, anapiga magoti barabarani na ule mguu mbovu. Mtawa akafungua bakuli. Wenzake wote walikuwa wanatia pakiti, pakiti, pakiti. Mama akamimina mchuzi. Mtawa kijana, nilimwona, alinusa kidogo kabla ya kufunga.

Kurasa za kwanza za barua hii ningeweza kuzichana. Nimekaa nazo siku mbili, mara nazikunja, mara nazikunjua. Nimeziacha. Mkeo atakuandikia, au hatakuandikia, maana sasa najua ni mtu wa kutunza siri mpaka imuumize. Usiposoma nilichomsingizia kwa maneno yangu mwenyewe, utadhani lilikuwa jambo dogo la wifi na wifi. Halikuwa dogo. Soma yote, kisha unikasirikie kadiri upendavyo. Hasira zako nitazibeba. Lakini ule ushauri wangu wa kufikiria kabla ya kumbembeleza, utie motoni. Mwandikie leo. Mwambie mumewe anajua ukweli.

Mimi Jumamosi napanda treni ya Bangkok, huko nibadilishe ya Surin. Nimeandaa sinia la maua, mishumaa na ubani, kama mdogo anavyomwendea mkubwa kuomba radhi. Najua mimi ndiye mkubwa. Manop aliponiona nalipanga sinia akafungua mdomo, nikamwangalia, akaufunga. Nitaliweka mbele ya Rampha na mbele ya wazazi wake, nami nitasema pale kila neno nililolisema dukani, na baada ya kila neno niseme ni uongo. Akikubali, tutarudi naye kabla ya tarehe ishirini na nne. Akikataa, sijui Baba atakula nini siku hiyo, wala mimi nitamtazama Mama kwa macho gani. Sitarudi peke yangu kirahisi. Nitakaa pale mlangoni kwao nikila huo wali wao wa kunata mpaka wanichoke.

Katoni yako nimeinunua. Je Huai alipoona mimi, Sangwian, nalipia katoni mbili nzima za Bibi Im, aliwaita majirani waje washuhudie. Nikamwambia acheke akishahesabu chenji. Mbili zinakwenda: moja kwako kwa njia ya meli, moja Surin. Ya Surin ilifunguka kidogo nikachemsha pakiti moja, nijue tu adui yangu ni nani. Nilionja. Sitakuambia nilionaje.

Nisalimie wenzako wote mnaolala chumba kimoja, hasa yule Bunlom wa Ratchaburi aliyekuazima blanketi. Mwambie kwamba mama yake nilimwona sokoni, ana afya, anabishania bei kama kawaida. Manop anakusalimu, anasema ukipata nafasi mletee saa. Usimletee. Shangazi Chaluai anakusalimu na kukuombea. Mama anakusalimu kwa mikono miwili, anasema vaa kitambaa kichwani. Salamu za Rampha sina, nazifuata.

Wema wote tuliowahi kuutenda katika nyumba hii, tangu kwa Baba, ukufunike huko uliko, ukurudishe na viungo vyako vyote.

Ni mimi, dada yako akupendaye, mwenye ulimi mrefu kuliko akili,

Sangwian

Nimesahau jambo. Jana niliporudi kutoka sokoni nilimkuta Mama ameishusha ile chupa, ameijaza maji ya moto, ameifunga, amekaa nayo mapajani. Ikafika jioni akaifungua, akatia kidole, akayamwaga. Leo amefanya vilevile. Nilimwuliza kwa nini anapoteza mkaa. Akasema anaipima kama inatunza joto, maana anakokwenda Baba nayo ni mbali.